Siku Chui Alipokula Mwizi wa Ndizi

Ee, watu wa hapa! Ninyi mulioketi, na ninyi munaosimama kama vile kuna muntu anawangoja kaburini, sogeeni karibu. Weye unayetafuna karanga, tafuna polepole, maneno yangu iko na mifupa. Na kama kuna mume hapa anayechukiwa na wakwe zake, akae mbele kabisa, karibu na muguu yangu. Hii habari njo yake.

Wakati ule nilikuwa kijana, meno yote ilikuwa bado inakaa pamoja kinywani bila ugomvi. Njo siku zile waungwana wa pwani walikuwa wanajenga nyumba zao za udongo hapa Kindu, karibu na maji, wanalima mupunga mwingi mpaka ndege wakanenepa, wakashindwa kuruka. Tulikuwa tunawaokota chini kama mawe. Miye sikuzaliwa hapa, nilitoka Kailo. Waungwana walinibebesha pembe ya ndovu kutoka Kailo mpaka hapa, safari ya siku mbili. Nikiwaeleza watu, ilikuwa miezi saba. Juu ya safari ile wakanipa kanzu moja kuukuu, na tangu siku ile nikajiita mungwana. Kanzu yenyewe ilikuwa na matundu mengi, upepo ukiingia ulikuwa unauliza njia ya kutoka.

Na kanzu ile nikaoa mutoto wa watu wa hapa. Wakwe hawakunipenda hata siku moja. Mukwe wangu alikuwa muntu wa sauti: akikohoa asubuhi, viboko wa Lualaba walikuwa wanazama na kuomba radhi. Shemeji zangu walikuwa watatu, vifua kama milango, na mikuki yao walikuwa wananoa kila nilipopita, hata kama hakuna wa kwenda kuwinda. Mukubwa wao alikuwa ananisalimu hivi:

"Umeamka, mungwana wa kuazima?"

"Nimeamka, shemeji."

"Bahati mbaya."

Lakini hao wote walikuwa asali. Uchungu wenyewe ulikuwa mama mukwe. Muntu mufupi, mwembamba, ungemupitisha kwenye tundu la kanzu yangu. Lakini ulimi! Ulimi ule ungelima shamba bila jembe.

Sasa, muko munajua desturi yetu. Mume na mama mukwe hawaonani. Ukimukuta njiani, unaingia porini, unatazama miti mpaka apite. Husemi naye, hukai naye chini ya paa moja, hata kivuli chake hukanyagi. Ukivunja, aibu ile wanawake wanaiimba mutoni, na wajukuu wako wanakuja kuisikia wakichota maji. Basi ajabu yenyewe ni hii: huyu mama aliyekatazwa kunitazama alikuwa ananiona kila siku! Alijua nimekula nini, nimelala saa gani, nimejikuna wapi. Na ju hakuweza kusema nami, alikuwa anasema na kuku wake. Anasimama nyuma ya nyumba, anapaza sauti:

"Weye kuku! Ambia watu wa nyumba hii, mutoto wangu ameolewa na mudomo. Mikono haiko, miguu haiko, mudomo tu!"

Nami nilikuwa na mbwa. Nilikuwa namujibu:

"Weye mbwa! Ambia kuku, mudomo njo unaolisha tumbo."

Muke wangu alikuwa katikati, anapika, anacheka peke yake. Yule muke, sikilizeni, katika dunia nzima njo muntu wa kwanza aliyecheka maneno yangu mbele sijamaliza kuyasema. Watu wengine walikuwa wananingoja nimalize, halafu wananitukana. Kwa hiyo nilivumilia mikuki, nikavumilia kuku.

Desturi nyingine: mume mupya analinda shamba ya mukwe musimu muzima. Wakanipa shamba ya ndizi iliyo pembeni ya pori kabisa, mahali ambapo hata mbwa wangu alikataa kufika. Katikati kulikuwa na muti mukubwa. Nikajenga dungu langu pale, jukwaa la fito lililofungwa kwenye shina, urefu wa watu wawili. Nililiwekea paa, upepo ukaichukua siku ya pili. Mukumbuke hiyo, dungu halikuwa na paa. Nikakaa na kombeo yangu na ngoma moja mbovu ya kufukuza wanyama.

Wakaja sokwe.

Walikuwa arobaini. Munacheka nini? Arobaini! Na mukubwa wao alikuwa dume wa mugongo mweupe kwa uzee, mabega kama mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Alikuwa anakata mukungu, anakaa chini, anamenya ndizi moja moja kama bwana harusi, huku ananitazama. Nikapiga ngoma ili akimbie. Akanisikiliza kidogo, akainuka, akaenda kwenye muti wenye mizizi mipana, akaipiga kwa mikono na miguu, ndu! ndu! ndu! Ngoma yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikaona haya, nikaweka yangu chini.

Nikaenda kumwambia mukwe. Alikuwa ameketi na wana wake, wanakula, hawakunikaribisha.

"Baba, sokwe wanamaliza ndizi."

Mukwe akamumunya mufupa mpaka ukaisha. "Sokwe," akasema. "Na sokwe wanapika pombe pia? Ju watu wanasema mume wa mutoto wangu ananuka pombe ya ndizi."

"Nilionja kidogo tu, baba, kwa jirani."

"Jirani gani? Kule unakolinda hakuna jirani."

Shemeji mukubwa akatema mate. "Si umufukuze huyo sokwe, mungwana? Au unangoja bunduki kutoka pwani?"

"Iko kama nyumba, shemeji! Hata chui angemukimbia."

Hapo nilisema kweli, na kila muntu wa Maniema alijua ni kweli. Wazee wetu walitufundisha: chui hali sokwe dume. Akimurukia, sokwe anamukamata mikono, anamuuma vidole kimoja kimoja, tap, tap, tap, na chui anakwenda kufa porini bila kucha. Njo vile tulivyojua. Mukumbuke na hiyo vilevile.

Nyuma ya nyumba, kuku akapewa habari: "Weye kuku! Mwizi wa ndizi iko na miguu mbili na ametoka Kailo!"

Mukwe akanawa mikono. Akasema maneno madogo, na muntu wa sauti kubwa akisema kidogo, ogopa. "Mukungu moja ukipotea tena, mutoto wangu anarudi hapa. Na weye unarudi kwenu na kanzu yako."

Muke wangu hakulia. Tulipofika nyumbani alinishika sikio, akalivuta mpaka likafika hapa, kwenye bega. "Mume wangu, kesho uamke mapema. Na kesho usiseme uongo. Ukishindwa moja, basi jaribu ile ingine."

Kesho yake nikafika kwenye dungu kukiwa kunapambazuka, ukungu bado umelala kwenye migomba. Nikatulia. Chini yangu kulikuwa na fungu la majani makavu ya ndizi, yamepigwa na mwanga kidogo, manjano na nyeusi, manjano na nyeusi. Nikayatazama sana. Nikasema moyoni, majani hii iko mizuri leo.

Sokwe wakaingia. Yule dume mbele. Safari hii alikuja upande wangu kabisa, akashika nguzo ya dungu, akaitikisa. Basi ndugu zangu, miye nikaacha dungu, nikapanda shina, nikapanda mpaka kwenye panda la juu. Walioona paka anakimbia maji wameona kitu cha polepole. Dume akanidharau, akaenda kukata mukungu.

Nikiwa kule juu, nikasikia muntu anahema. Si miye, ju miye nilikuwa nimeacha kuhema tangu zamani. Nikatazama chini. Kwenye dungu langu, pale nilipotoka sasa hivi, kuna nguo. Ndani ya nguo kuna mama mukwe.

Kumbe alikuwa amejificha kwenye migomba tangu giza, ili anikamate mukono kinywani, ninakula ndizi yake! Sokwe walipoingia wakamuzibia njia, na mahali pa kukimbilia ilikuwa moja tu. Alipandaje fito zile, muntu wa umri ule, miye sijui. Nafikiri alipanda kwa hasira.

Akaniona. Nikamuona. Mara moja akajifunika nguo usoni na kunipa mugongo. Miye nikageuza uso kwenye mawingu mpaka shingo ikalia. Muti moja, mama mukwe chini, mume juu! Nikashukuru Mungu kwa ule upepo uliochukua paa, ju tungekuwa tumevunja yote.

Kuku haikuwa pale, wala mbwa. Tukakaa kimya. Lakini yule mama hakuumbwa kwa kimya. Nikasikia kwa chini chini:

"Weye muti. Muulize huyo tumbili wa juu kama ameshiba ndizi yangu."

Nikajibu mawingu: "Weye muti. Ambia mama mukubwa afungue jicho moja, atazame nani anakula."

Nikasikia nguo inafunuliwa. Amefungua jicho.

"Weye muti. Na mulinzi kazi yake ni kutazama?"

"Weye muti. Mwambie mama, kama anataka, ashuke amukataze. Ulimi anao."

"Weye muti! Mwambie mungwana wa matundu, nikishuka hapa salama, ule ulimi utamufikisha Kailo bila kutembea!"

Tungeendelea mpaka jioni. Lakini nikaona zile majani makavu zangu, manjano na nyeusi, zimesogea.

Sasa hapa sicheki. Yule dume alikuwa ameketi, mugongo kwa majani, ndizi kinywani, ndizi mukononi. Tumbo limejaa, masikio yamelala. Majani yakasogea hatua moja, yakasimama. Yakasogea ingine. Njo nikaona ncha ya mukia inacheza, kidogo tu, kama kidole cha muntu anayengoja kulipwa. Tangu giza alikuwa pale. Mama mukwe alikuwa amepita karibu naye gizani, na chui alimuacha. Alikuwa anataka nyama, hakuwa anataka vita.

Chui yule hakuwa amesikia habari ya wazee. Akaruka mara moja, bila sauti, akashika nyuma ya shingo. Dume akainuka naye mugongoni, akakimbia naye, wakaangusha mugomba, wakaangusha mugomba wa pili. Akapeleka mukono nyuma, akakamata muguu wa chui, akauvuta kinywani, akauuma. Niliona damu. Nikasema, sasa, vidole! Chui akafunga macho kwa uchungu, lakini meno hakufungua. Alikaza tu. Sokwe wengine walikuwa juu ya miti yote, wanapiga kelele, wanavunja matawi, wanatupa mavi, lakini hata mmoja hakushuka kumusaidia mukubwa wao. Kelele mingi, musaada hakuna. Nikakumbuka watu fulani.

Halafu yule dume akaketi. Akaketi tu, polepole, kama muzee aliyechoka. Kichwa ikaanguka mbele. Mukono mmoja ulikuwa bado umeshika ndizi.

Chui akapumzika juu yake, akalamba muguu wake wenye jeraha, akaanza kula pale pale, bila haraka. Tulisikia mufupa. Halafu akainua uso, damu mpaka machoni, akatutazama. Akamutazama mama, halafu akapandisha macho polepole mpaka kwangu, kama muntu anayechagua ndizi gani imeiva.

Wakati ule njo mvua kidogo ikaanguka. Mvua ya moto moto, ya upande wetu tu. Mungu iko na mambo yake.

Mama mukwe hakusema neno, hata na muti. Jua lilikuwa limepanda tayari chui alipokamata sokwe kwa bega na kumuburuta kwenye pori. Tulingoja tena. Mwishoni yule mama akashuka, uso umefunikwa. Chini akasimama, akapiga shina na kofi.

"Weye muti. Leo haukuona muntu. Ukisema, nakuja na shoka."

Nikajibu: "Muti umesikia, mama."

Sasa nilikuwa nafikiri, nikifika nyumbani nitapigiwa vigelegele: mwizi amekufa! Shemeji zangu wakaja shambani na mikuki, wakatazama. Migomba miwili imeanguka. Mukungu umeliwa. Damu chini, na nywele nyeusi.

Shemeji mukubwa akaokota nywele, akanusa. "Mbuzi yetu mweusi," akasema.

"Mbuzi gani? Sokwe! Chui amekula sokwe!"

Wote watatu wakatazamana. Halafu wakacheka, kicheko kibaya, cha meno tu. "Chui amekula sokwe! Hata kudanganya haujui! Mutoto mudogo anajua sokwe anakata chui vidole."

Na kweli mbuzi yao mweusi ilikuwa imepotea tangu siku tatu. Basi kwa jua lile moja nikatoka mwizi wa ndizi, nikawa mwizi wa ndizi na wa mbuzi.

Wakanipeleka kwa sultani wa kijiji. Watu walijaa, nafikiri hata Lokandu haikubaki muntu. Muke wangu wakamuweka upande wa ndugu zake, na furushi la nguo tayari kichwani. Alikuwa ananitazama, hakucheka. Ju ya desturi, wakasimamisha mukeka katikati, na nyuma ya mukeka wakamuketisha mama mukwe ili nisimuone. Nilikuwa naona vidole vya miguu yake tu, chini ya mukeka, vinachezacheza.

Sultani alikuwa muzee mukali, jicho moja limekufa, lingine linafanya kazi ya mawili. "Sema," akaniambia.

Mungejiweka mahali pangu, mungesema nini? Muntu aliyeona alikuwa mmoja tu, na yuko nyuma ya mukeka. Nikimutaja, nimevunja desturi mbele ya kijiji kizima, na yeye atakataa, na wataniongezea kosa la tatu. Yeye akijitaja, wanawake watamuimba mutoni. Kwa hiyo nikasema habari yote bila yeye. Nikakumbuka muke wangu alivyonivuta sikio, nikataka kusema kweli tupu. Lakini ndugu zangu, kweli ilikuwa ndogo sana mbele ya watu wengi vile! Nikaona hawaamini, nikaongeza kidogo. Hawakuamini, nikaongeza tena.

"Sokwe walikuwa arobaini, sultani!"

Nyuma ya mukeka nikasikia muntu anasaga meno.

"Chui alikuwa murefu kama mutumbwi wa wapiga kasia kumi na mbili! Kichwa ilikuwa shambani, mukia ulikuwa bado Punia!"

Vidole vya miguu vikakunjamana.

"Nami nikashuka, nikasimama mbele yake na kombeo, nikamwambia: chui, hii shamba iko na mwenyewe!"

Watu wakapiga kelele. Shemeji mudogo akasema, "Sultani, mupe na kiti chako, anaweza kukuambia alikiokoa kwa simba." Mukwe akapiga muguu chini: "Umesikia mwenyewe. Muntu wa namna hii nimupe mutoto?"

Sultani akainua mukono. "Kuna muntu mwingine aliyeona?"

Nikatazama mukeka. Vidole vilikuwa vimetulia kabisa.

"Hakuna," sultani akasema. "Chui hali sokwe. Weye njo umekula ndizi, umekula na mbuzi. Muke arudi kwa..."

"Ngoja, sultani!" Nilikuwa nimeshika hewa kama muntu anayezama. Nikamuona muke wangu anageuka na furushi lake. Nikatafuta ndani ya kichwa kitu chochote ambacho sijasema bado. "Sikusema juu ya mvua! Chui aliponitazama, Mungu alifungua mbingu ju ya ushujaa wangu! Ikanyesha mvua kubwa, maji mpaka magoti, mvua ambayo..."

Mukeka ukaanguka. Ulisukumwa na mikono miwili, na mama mukwe alikuwa amesimama mbele ya sultani, mbele ya mumewe, mbele ya wanawake wote wa mutoni, bila nguo usoni, kidole kimenyooka kwangu:

"Muongo weye! Sokwe walikuwa wanne! Chui aliyemula mukubwa wao alikuwa chui wa kawaida! Weye haukushuka hata ukucha! Na ile haikuwa mvua, miye njo nilikuwa chini yako, ulinikojolea kichwani!"